Mtani wa Alhamisi

Mimi si mtu, na msinionee huruma kwa hilo. Watu nimewaona, na sikuona kwao cha kutamani sana. Mimi ni mtani. Nilizaliwa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, siku ya Alhamisi, mkononi mwa msichana wa miaka kumi na sita aitwaye Sikudhani, na tangu kuzaliwa kwangu siku haijabadilika. Ukiniuliza leo ni siku gani nitakujibu Alhamisi. Rudi kesho uniulize tena.

Sikudhani huandika amepiga magoti, karatasi akiwa ameitandaza juu ya kitako cha kinu kilichopinduliwa. Kinu kimepinduliwa kwa sababu humo ndani hakuna anayetwanga tena. Karatasi zenyewe ni zile za ndani ya mfuko wa saruji, tabaka safi la kahawia ambalo wanafunzi hufunikia madaftari yao. Yeye hakununua wala hakuomba. Aliziokota pale zilipotupwa, kuzunguka mdomo wa shimo lililommeza kaka yake Kondo, maana kuliziba shimo lile ilipasuliwa mifuko mingi sana na hakuna aliyejishughulisha kuzoa takataka. Basi nikikohoa katikati ya maneno mnisamehe. Vumbi lililomziba Kondo ndilo hili lililoko kifuani mwangu, na ninalo tangu sentensi yangu ya kwanza.

Nieleze kazi yangu, kwa sababu siku hizi kuna watoto wanaodhani mtani ni mchekeshaji wa bure. Zamani makabila yalipigana, yakazikana, yakachoka kuzikana, yakaamua kuchekana. Hapo ndipo tulipotoka sisi. Mtu akifa kwenu, ndugu hulia, na sisi watani huja kuwaharibia kilio. Tunaingia kaburini tunakataa kutoka mpaka tuahidiwe jogoo. Tunatia mkono kwenye sufuria ya wafiwa. Na mmoja wetu huvaa nguo za marehemu mwenyewe, akatembea mwendo wake, akasema maneno yake, akatangaza uchoyo wake mbele ya wakwe. Wafiwa hucheka mpaka wakakumbuka wanachokicheka, wakalia tena, na kilio cha mara hii huwa kimeshuka mahali pake. Halafu siku ya kuanua matanga yule mtani husimama katikati ya ua, huivua nguo ya marehemu, humkabidhi aliyefiwa kuliko wote, na husema: “Chukueni. Mtu wenu ameondoka.” Hapo watu hufagia ua, hukunja mikeka na kwenda makwao.

Kwa hiyo mtu hufa mara mbili. Mara ya kwanza hujifia mwenyewe, na mara ya pili hufishwa na mtani. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, maana sina kazi nyingine siku za Alhamisi, na nimeona kwamba ile ya kwanza ni ya mwili tu. Hata kuku hufa hivyo. Ya pili ndiyo kifo cha mtu, kwa kuwa inahitaji watu wengine wakubali kwamba alikuwapo. Mtu asiyeruhusiwa kufa mara ya pili hubaki mlangoni, si wa ndani wala si wa nje, na wenye nyumba nao hushindwa kuufunga mlango. Kondo alibaki hapo.

Nendeni nami taratibu. Mji wao hauna jina. Ulikuwa nalo, lakini siku moja lilipakwa rangi nyeupe kwenye kibao cha barabarani ili liandikwe jina la Mwenye Shimo, na mwandishi wa vibao akafariki kabla ya rangi kukauka. Watu wakazoea. Humo aliishi kijana Kondo na mama yake na mdogo wake Sikudhani, na kila asubuhi Kondo alikwenda kushuka shimoni na wenzake kumi kutafuta mawe yanayong'aa ambayo hawakuwahi kuyavaa. Asubuhi ya Alhamisi aliagana na mama yake akiwa mlangoni. Alisema, “Leo tunalala huko huko. Ijumaa narudi. Niwekee kichwa cha samaki.” Alasiri ardhi ilishusha pumzi. Watu wakakimbia na majembe. Mwenye Shimo akaja na gari, akalitazama shimo bila kushuka, akateremsha kioo na kusema maneno matatu.

“Hakukuwa na mtu.”

Kisha akapandisha kioo, na malori ya saruji yakaja.

Nimesikia watu wakisema mwenye nguvu ni yule anayeweza kuua. Nawacheka, ndiyo kazi yangu. Kuua hata nge anaua. Hata homa. Mwenye nguvu ni yule anayeweza kusema hakukuwa na mtu, na mkarudi nyumbani na majembe yenu. Huyo hakuwaibia vijana kumi na mmoja uhai wao peke yake, aliwaibia na kifo. Baada ya hapo hata ukitaka kumchukia unakosa pa kuanzia, maana utadai nini, na kwa ajili ya nani?

Jirani walifika jioni ile ile na mikeka yao. Mama mtu aliwazuia mlangoni, mikono yake miwili imeshika miimo.

“Mnamlilia nani?” aliwauliza. “Hamkusikia? Hakukuwa na mtu. Basi Kondo hayumo. Na kama hayumo humo, yuko mahali.”

“Mama Kondo, dada yangu...”

“Kunja mkeka wako, mwenzangu. Unanichulia.”

Wakakunja. Na msiwalaumu, wao wenyewe walimwita Mama Kondo, na utamwambiaje mtu kwamba jina unalomwita nalo limo chini ya saruji? Jina lake lote lilikuwa mwanawe. Tangu azae hakuna aliyemwita vingine. Ukimtoa Kondo, anabaki mama wa nani? Sikudhani yupo, naam, lakini ni nani aliyewahi kumwita mama kwa jina la mtoto wa pili, tena wa kike, na wa kwanza alikuwapo? Ijumaa ilipofika mama aliikataa. Watu walivaa kanzu wakaenda kuswali, naye akasema wamekosea siku. Akaosha kichwa cha samaki, akakifunika, akasema ni Alhamisi. Kesho yake akasema hivyo hivyo. Sikudhani alitazama kile kichwa cha samaki na moyo ukamwuma vibaya, kwa sababu alijua kwamba uongo wa Mwenye Shimo, uliosemwa ili kumkana kaka yake, ndio mama yake alioujengea nyumba.

Bila matanga hakuna mtani anayeitwa. Ndipo Sikudhani akaniandika mimi.

Aliniandika vizuri, sina la kulalamika. Alinivisha shati la bluu la Kondo, lile la kutokea, lililobaki limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Vifungo vyake vyote ni vyeusi isipokuwa kimoja cha kifuani, cheupe, ambacho mama alikikata kwenye blauzi ya shule ya Sikudhani siku ambayo Kondo alikuwa na haraka ya kwenda harusini. Tangu siku hiyo Sikudhani huibana blauzi yake kwa pini. Aliahidiwa kifungo kingine, na aliyeahidi alisahau. Alinipa pia mwendo wa Kondo wa kuvuta mguu wa kushoto kidogo, na desturi yake ya kugonga mlango kwa kiwiko kwa kuwa mikono daima ilikuwa na tope. Alinipangia kurasa tatu tu. Nifike, niwakejeli, nivue shati, niseme maneno yangu, nipotee. Mtoto alitaka kumzika kaka yake kwa kurasa tatu. Alijua anachofanya kuliko wengi.

Kosa lake ni kwamba huwa ananong'ona anapoandika.

Mama alikuwa kizingitini anapepeta choroko. Alisikia “...akagonga mlango kwa kiwiko,” na ungo ukasimama hewani.

“Soma kwa sauti,” alisema.

“Ni hadithi tu, mama.”

“Nimekuuliza ni nini? Soma.”

Akasoma. Mama akasikiliza mpaka pale nilipoketi juu ya kigoda.

“Akala nini?”

“Hakula, mama. Yeye amekuja tu ku...”

“Katoka kazini, ameketi kwangu, asile? Nani kakufundisha kuandika? Mpe chakula.”

Sikudhani angeweza kukataa. Alimtazama mama yake, akaona kwamba kwa mara ya kwanza tangu malori yaondoke uso ule ulikuwa na mtu ndani. Akapinda mgongo juu ya kinu, akaandika: *Akala ugali na mchicha, akaomba ongezo.* Mama akacheka kidogo puani, akarudi kwenye choroko yake. Na mimi nikala. Kesho nikala tena. Kurasa tatu zikawa thelathini, na kila nilipopeleka mkono kwenye kifungo cha kwanza ili nivue, wino uliupeleka mkono wangu kwenye kikombe cha chai.

Jamani, kuvaa nguo ya mtu mpaka ikakuzoea ni jambo baya. Kule nilikoandikwa kuna mji mwingine usio na jina, na jua lake limesimama saa za alasiri, halipandi halishuki. Nalala mchana huo huo, naamka mchana huo huo. Nikaanza kuota ndevu ambazo hazikuandikwa. Mguu wa kushoto ukaanza kuniuma kweli. Nikakumbuka ladha ya betri ya redio aliyoilamba Kondo alipokuwa mdogo, na Sikudhani hakuwapo wakati huo, alikuwa hajazaliwa, basi nani aliyeniambia? Nikakumbuka tochi ya kichwani inavyofifia, kwanza njano, halafu nyekundu, halafu unabaki unajiuliza kama umefumba macho. Mimi ni nani? Kama mimi ni Kondo, mbona siko chini? Kama si Kondo, mbona mwanamke yule akiniwekea sahani nalengwalengwa na machozi? Sina mama. Sina kabila. Nina shati. Nivue. Nivue wewe mtoto, nimechoka kuwa hai kwa ajili ya mtu.

Hakunisikia, au alijifanya kutosikia.

Upande wake mambo yalikuwa yakiharibika polepole. Mama alianza kuagiza.

“Sikudhani.”

“Abee, mama.”

“Mwambie asivae soksi mbichi. Kifua chake si cha kuchezea.”

“Sawa, mama.”

“Na umwambie nywele zimezidi.”

Sahani ambayo mama alimtengea Kondo kila siku ilikuwa ya kwake mwenyewe. Hakula. Alisema ameshiba, ameshuhudia mwanawe akila, hilo linatosha. Mifupa ya mabega ikatokeza, pete ikawa inamchomoka kidoleni akiosha vyombo. Sikudhani alikuja na karatasi ya alama nzuri za mtihani wa Kiswahili akaiweka juu ya mkeka, na mama akatua juu yake sufuria ya moto. Yeye ndiye aliyekuwa hai nyumba ile, na ndiye asiyeonekana. Alimwonea wivu ndugu yake aliyekufa. Niliona, maana alikuwa akiniandika kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka karatasi inatoboka. Halafu aliona aibu kwa wivu wake, akaniongezea kipande cha nyama.

Kisha akaja Mama Mwinshehe, ambaye mwanawe alishuka shimoni pamoja na Kondo. Alisimama pembeni ya kinu kwa adabu, kama aliyekuja kuazima chumvi.

“Mwanangu,” alisema, “nasikia unaye Kondo.”

“Ni hadithi, mama.”

“Najua. Mimi si mwehu. Lakini hawa walikuwa hawaachani. Nitilie na wangu basi. Hata asiingie ndani. Asimame tu hapo mlangoni amsubiri mwenzake.”

Ungefanyaje wewe? Sikudhani akamtia. Nikageuka nikamwona Mwinshehe mlangoni, anatabasamu, hana hata kivuli, maana mama yake alikuwa hajakiomba. Baada yake wakaja mama wengine, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na jambo lake dogo: wangu alipenda kupiga miluzi, wangu alikuwa na kovu hapa. Mji wa Alhamisi ukajaa. Ua wa akina Sikudhani nao ukajaa kila siku baada ya adhuhuri, wanawake wamekaa wananyoosha miguu, wanasomewa, wanacheka. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyekwenda tena kusimama kwenye ile saruji na kuuliza itapasuliwa lini. Kifo cha wengi ni harusi, walisema wazee wetu, na mimi mtani nawaambia kwamba harusi ya namna hiyo sijawahi kuiona: mabwana harusi kumi na mmoja na hakuna hata mmoja mwenye kivuli.

Siku moja akaja Msimamizi, mtu wa Mwenye Shimo. Alikuwa mnene, mpole, anavua viatu hata pasipo na zulia. Alibeba mfuko wa sukari na bunda la karatasi nyeupe.

“Shikamoo,” Sikudhani alimwamkia.

“Marahaba, binti. Wewe ndiye mwandishi? Mkubwa amesikia habari zako. Amefurahi mno. Anasema mji unahitaji watu wa aina yako, watu wa matumaini.” Aliweka sukari juu ya kinu. “Endelea. Tena uandike kwa nafasi, karatasi hizi zikiisha zitakuja nyingine. Haya mafuko nipe mimi nikayatupe. Yanaleta kikohozi.”

“Sema asante,” mama alimwambia.

“Asante,” Sikudhani alisema.

Alipoondoka, msichana alibaki ameshika bunda lile. Nilimwona anavyoelewa. Haikuwa kwa kishindo. Alikunja uso kidogo tu, kama anayefanya hesabu ya kutoa. Mwenye Shimo alisema hakukuwa na mtu, na yeye Sikudhani, kwa mapenzi, kwa huruma, kwa Kiswahili safi, alikuwa amekaa siku zote hizi akiandika jambo lile lile. Hawamo. Wako mahali. Wanakula. Uongo wa yule na hadithi ya huyu vilikuwa vinavuta jahazi moja. Akaliweka bunda lile chini, mbali na kinu.

Ndipo akaniita. Hakuandika, aliniita kwa mdomo.

“Nikikuvua atakufa,” alisema.

Nikamwambia, ameshakufa. Aliyenyimwa kufa ni mimi.

“Namwogopa mama.”

Mwogope. Lakini mtazame mkono wake anapoosha vyombo.

“Nitaandika mwisho leo leo.”

Huwezi. Umeshajaribu mara ngapi? Ukiniandikia nivue, yeye atakwambia, mpe chakula. Karatasi ina huruma nyingi mno, mtoto. Jambo hili linataka mwili, linataka mtu asimame uani.

“Ndugu hamtani ndugu yake msibani. Ni mwiko.”

Ni mwiko, ndiyo. Na saruji nayo ni nini?

Nilimhurumia, na mimi si mwenye huruma nyingi. Miaka kumi na sita, magoti yana sugu za kuandika, na hakuna mtu mzima hata mmoja mji mzima aliyejitolea kumfanyia kazi hii.

Baada ya adhuhuri wanawake walikuwa wameshaketi uani wanamsubiri msomaji. Mlango wa nyuma ukagongwa kwa kiwiko. Wote wakageuka. Aliingia kwa kuvuta mguu wa kushoto, shati la bluu likimpwaya hadi mapajani, mikono mbele kana kwamba ina tope.

“Mama weee! Mama Kondo! Njaa inaniua, na wewe umekaa hapo umenyoosha miguu kama mke wa diwani!”

Sauti ilikuwa ya Kondo. Mimi ndiye niliyekuwa koo lake siku zote hizo, na nilimwachia.

Mama alisimama. “Sikudhani. Vua shati la kaka yako.”

“Sikudhani yupi? Yule mwenye kichwa kama kitasa? Mimi Kondo! Kondo niliyeficha mnofu chini ya ugali, nikasema paka kala. Paka wa watu akapigwa fimbo, na mimi nikalia naye nikimtetea, huku natafuna!”

Mwanamke mmoja akapasuka kicheko.

“Paka yule alihama mtaa,” mama alisema, na yeye mwenyewe akacheka, akacheka hasa, mpaka akashika ubavu. Ua mzima ukacheka. Sikudhani akazidi: Kondo alivyokuwa mchoyo wa sabuni, Kondo alivyokoroma, Kondo alivyoandika barua kwa binti fulani akamwamkia shikamoo. Mama alifuta macho kwa upande wa kanga. Na mtani mwenye akili hungoja hapo hapo, macho yakiwa tayari yana maji.

“Alhamisi nikatoka hapa,” Sikudhani alisema, bado kwa sauti ile. “Nikakwambia unitunzie kichwa cha samaki.”

“Ehe.”

“Nikashuka. Mwinshehe mbele, mimi nyuma yake.”

Kicheko kikakatika. “Nyamaza,” mama alisema.

“Tulikuwa kumi na mmoja. Tulikuwa tunaimba.”

“Nyamaza, mtoto we!”

“Mama. Nilikuwemo.”

Mama alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto jambo rahisi, “Walisema hakukuwa na mtu.”

“Nilikuwemo, mama. Udongo ulinifika hapa, haukunimaliza. Nilikuita. Nikasikia malori.”

Hilo la kuyasikia malori akiwa hai Sikudhani hakulijua. Hakuna aliyelijua, na hakuna mama hata mmoja pale uani ambaye hakuwa amelisikia usingizini. Mama Kondo alimpiga kofi. Sikudhani hakurudi nyuma. Alifungua vifungo, cha kwanza cheusi, cha pili cheupe, mpaka cha mwisho, akalivua shati, naye chini yake alikuwa na blauzi yake ya shule yenye pini. Akalishika kwa mikono miwili akamnyooshea mama yake.

“Chukueni,” alisema. Sasa sauti ilikuwa yake mwenyewe na ilikuwa imepasuka. “Mtu wenu ameondoka.”

Mama alificha mikono nyuma ya mgongo. Kisha mikono ikatoka, kana kwamba si yake, ikalipokea shati, ikalipeleka usoni, na kilio kilichotoka ndani ya kitambaa kile mimi sijawahi kuandikiwa. Kilitoka kwa mama, kikaruka kwa Mama Mwinshehe, kikaenda kwa yule na yule, kikapita ukuta. Jirani waliokunja mikeka siku ile walikisikia wakaja mbio na mikeka yao. Walilia kwa hasira, walilia kwa aibu. Na kila mara kilio kilipotaka kupoa, kuna aliyesema malori, kikaanza upya.

Mama Mwinshehe alikwenda kwake akarudi na fulana yenye tundu kwapani.

“Mvalie na wangu,” alimwambia Sikudhani.

Sikudhani aliipokea. Akaivaa. Alijua kidogo tu juu ya Mwinshehe, akasema hicho kidogo, halafu akasema nilikuwemo, akavua. Nguo zikaja zote, moja baada ya nyingine. Hakukataa hata moja. Alipofika ya mwisho alikuwa hawezi kusimama, wanawake wakamshika kwapa huku na huku, na bado akasema.

Msimamizi alifika jua likiwa limelegea. Safari hii hakuvua viatu.

“Kuna nini hapa? Nani amekufa?”

“Kondo,” mama alisema bila kuinuka.

“Kondo yupi, mama?”

“Wangu. Alikuwemo.”

“Mama, maneno mengine ni mazito. Una binti bado anasoma.”

“Anasoma,” mama alisema. “Na ameshatusomea.”

Msimamizi aliwatazama wanawake, akaitazama ile mifuko ya saruji iliyokunjwa vizuri kando ya kinu. “Tutaona,” alisema, na wote walijua kwamba kweli wataona. Mtu wa namna hiyo akisema tutaona, kuna mlango utagongwa, na hautagongwa kwa kiwiko. Sikudhani aliogopa na hakuficha hofu yake. Wanawake wakaichukua ile sukari ya Mwenye Shimo wakachemshia chai ya matanga, wakanywa.

Mama alikaa na shati mapajani. Aliinama, akauma uzi wa kile kifungo cheupe, akakitoa.

“Sikudhani.”

“Abee, mama.”

“Sogea hapa.” Alitoa pini kwenye blauzi, akatunga sindano, akaanza kushona, kichwa chake kikiwa karibu sana na shingo ya mwanawe. “Leo siku gani?”

“Ijumaa, mama.”

“Ijumaa,” mama alisema, akaendelea kushona.

Mimi nilikuwa nimeshikizwa na uzi ule tu. Ulipokatika, shati lilifunguka kifuani na sikuwa tena na pa kukaa. Kule mjini kwangu jua lilianza kushuka, na wenzangu kumi wakatangulia mmoja mmoja, Mwinshehe mbele. Sina kaburi wala jina. Sikuzaliwa na mwanamke. Kesho mtu mwenye gari anaweza kuja kuyachoma yale mafuko, na mtu mwenye elimu anaweza kuwaambieni kwamba humo hadithini hakukuwa na mtu. Msikubali. Nilikula ugali wake, niliitwa mwanawe, nilikohoa saruji. Nilikuwemo.